Joto la Besmenti

Kanizfatema alikuwa na jina, na jina lenyewe alilipata kwa mkate wa kumimina. Kuanzia Bathurst na Wilson, jijini Toronto, alikokaa yeye, kupanda mpaka Vaughan kwenye kituo cha jumuiya, hapakuwa na mama wa Kitanga wala wa Kiunguja aliyethubutu kupeleka mkate wa kumimina kwenye futari siku ambayo wa Kanizfatema upo. Ulikuwa mkate hasa: umeumuka mpaka ukingoni, ndani una matundu matundu, juu umepata rangi, na ukiubonyeza kwa kidole unarudi wenyewe. Wanawake wakimuuliza anafanyaje, alijibu neno moja tu, tena huku ameshaangalia pembeni: "Mkono."

Uongo mtupu. Au tuseme yeye mwenyewe hakujua kama ni uongo au ni kweli, na hapo ndipo kilipo kisa chote hiki.

Kwa maana miaka ile ya mwanzo, walipohamia kutoka Tanga, mkate wake ulikuwa balaa. Kule Tanga alikuwa akisaga mchele wake, anatia tui na hamira, anafunika, anakwenda zake kuoga, akirudi rojo limeshapanda. Toronto hamira ikalala doro. Futari ya kwanza aliyoalikwa alipeleka kitu bapa, kigumu, mfano wa soli ya kandambili, akaona kwa macho yake watu wanakifunika kwa tishu ili wasimtie aibu. Sultana, rafiki yake wa mtaa mmoja tangu Tanga, akamshika bega akamwambia kwa upole, "Usijali, Kanizbai. Mwakani tutanunua keki." Upole ule ulimchoma kuliko matusi. Alilia garini njia nzima ya kurudi, na mumewe Mansoor akadhani amekumbuka kwao.

Halafu siku moja alikosa nafasi jikoni, akateremsha bakuli la rojo besmenti, akaliweka juu ya kigoda karibu na boila. Boila lenyewe lilikuwa zee la chuma, pana kama kabati, walilikuta na nyumba. Kazi yake ilikuwa kuchemsha maji yanayozunguka kwenye rejeta, vile vyuma vya kupashia joto vyumba vya juu, lakini lilipokuwa likifanya kazi hiyo lilikipasha na kile chumba cha chini mpaka mtu anavua sweta. Aliporudi alikuta kitambaa kimesukumwa juu na rojo linataka kumwagika. Tangu hapo mkate wake haukuumuka pengine popote, na hakuna mtu aliyeambiwa, hata Mansoor. Yeye alijua mkewe hushuka chini mara kwa mara, akaona ni mambo ya kufua.

Kuhusu mkate ule Mansoor alikuwa na neno moja tu, na alilisema kila Ramadhani bila kukosa: maganda ya hiliki. Kanizfatema alitwanga hiliki na maganda yake, kama mama yake alivyotwanga Pangani, kwa hiyo Mansoor akila kipande kimoja alikuwa na kazi ya kuchokoa meno mpaka kulala.

"Mama Suhaila, hayo maganda ungeyatoa ungepungukiwa nini?"

"Ningepungukiwa mkate," Kanizfatema alimjibu, na mambo yakaishia hapo mpaka mwaka mwingine.

Sasa, Ramadhani ya mwaka 2002 iliangukia Novemba, na wala mfungo haujakolea, boila likapata ufa. Halikupiga kishindo wala nini, ni maji tu yalivuja kimyakimya yakafanya dimbwi chini ya mashine ya kufulia. Mansoor akamwita Dilawar, fundi wa maboila, mtu wa Arusha mwenye mikono mikubwa na mdomo usiojua kupumzika, aliyemwoa binti wa Sultana. Dilawar akachutama, akamulika kwa tochi, akatikisa kichwa. Alisema ataliziba lisukume kidogokidogo kwa siku chache, ila lishakwisha, wakate shauri wanunue lipi.

Wakapanda sebuleni. Chai haikuwapo, watu wamefunga, basi Dilawar akaenda moja kwa moja kwenye maneno.

"Yako mawili. La kwanza ni la kawaida, ndugu ya hili lenu. Linawasha moto, linachemsha maji, na moshi unapanda dohani ungali wa moto. La pili ni la kisasa, linatumia gesi vizuri zaidi. Hili ni bahili. Moshi ukitaka kutoka linaukamata, linaukamua joto, mpaka mvuke uliomo unageuka maji na kudondoka. Moshi unatoka umeshapoa, unapitishwa kwenye bomba la plastiki ukutani, na dohani hamna haja nayo tena."

"Na mwili wake?" Kanizfatema akauliza.

"Mwili wake vipi, Kanizbai?"

"Linatoa joto? Mtu akisimama karibu nalo."

Dilawar akacheka kwa fahari, utadhani alilitengeneza yeye. "Unaweza kuliegemea ukalala usingizi. Joto lote linakwenda vyumbani. Besmenti yenu sasa itakuwa baridi, mtaweka hata viazi."

"Alhamdulillahi," akasema Mansoor.

Lazima umjue Mansoor. Alikuwa mwalimu wa hesabu Tanga, Toronto akafanya kazi ofisi ya bima mpaka akastaafu, na katika dunia hii hakuwa na adui isipokuwa upotevu. Alizima taa za vyumba ambavyo watu bado wamo. Dawa ya meno aliikata bomba kwa mkasi akaikwangua. Ndani ya mipaka hiyo alikuwa mume mwema kabisa, na walikubaliana tangu walipooana kwamba kitu kikubwa hakiingii nyumbani mpaka wote wawili waseme ndiyo. Hakuwahi kuivunja ahadi hiyo hata mara moja.

"Miaka yote tunapasha joto stoo," akasema, macho yanamng'aa. "Joto linapotea kule chini linamfaidia nani? Ndoo na mifagio? Mimi nasema la kisasa. Wewe unasemaje?"

"Nifikirie," Kanizfatema akasema.

Akafikiri, na kila alilofikiri lilikuwa kisingizio. Kwanza alisema bomba la plastiki litayeyuka. Mansoor akampigia simu Dilawar, Dilawar akasema moshi wake umepoa, hauyeyushi kitu. Kesho yake akasema majirani watapuliziwa mvuke madirishani. Dilawar akasema bomba litatokea upande wa uchochoro. Akauliza hayo maji yanayodondoka yatakwenda wapi, akajibiwa yataingia kwenye shimo la maji machafu palepale pa kufulia. Mwisho akasema vitu vya kisasa vinaharibika upesi, na hapo Dilawar akakubali kwamba kweli, la kawaida lina vipuri vichache na halisumbui, wapo watu wazima na akili zao wanaolichagua kwa sababu hiyo. Kanizfatema akaing'ang'ania hoja hiyo kwa mikono miwili.

"Umesikia? Halisumbui."

"Nimesikia," Mansoor akasema. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba, maana boila lililozibwa lilikuwa halina nguvu. Hakumlazimisha. Alikaa tu, akakunja mikono kwapani, akangoja ndiyo yake.

Angesema ukweli yangekwisha siku ileile. Lakini mwanamke aliyejibu "mkono" mbele ya watu mwaka baada ya mwaka ataanzaje leo kusema "boila"? Na si watu tu. Kilichomkosesha raha ni jambo alilokuwa hataki hata kujiuliza mwenyewe: kwamba pengine hana mkono wowote, ana chuma tu, na chuma chenyewe kimekufa. Nusu ya Ramadhani ilikuwa inakaribia, usiku wa kuzaliwa Imamu Hasan, futari kubwa kuliko zote pale kituoni, na kila mtu alikuwa anajua nani analeta mkate.

Akaamua ajaribu bila boila. Mara ya kwanza aliliweka bakuli jikoni, kwenye kijua cha dirishani, akalifunika kwa mataulo. Jua la Novemba la Toronto ni la kutazama tu, halipashi kitu. Mkate ukatoka bapa. Wakati wa kufuturu Mansoor akala vipande viwili, akachokoa meno, akasema, "Ladha ni ileile." Kanizfatema aliona ni maneno ya mtu anayetafuta la kusema, hakumsikiliza.

Mara ya pili alitafuta mahali penye joto zaidi nyumba nzima, akapaona. Alasiri akalifunga bakuli kwa sweta zito la Mansoor, akalilaza kitandani upande wa mumewe, akalifunika blanketi mpaka juu, akaenda jikoni kukaanga sambusa. Alilolisahau ni kwamba Mansoor akifunga hulala kidogo alasiri, kila siku, tangu Tanga.

Alimsikia anaita kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Mama Suhaila. Njoo. Kuna mtu kitandani kwangu, na amevaa sweta langu."

Akakimbia. Mansoor amesimama pembeni ya kitanda, ameshika ncha ya blanketi kwa vidole viwili. Bakuli limelala kwenye mto wake, limevalishwa sweta, mikono ya sweta imefungwa fundo mbele. Kanizfatema akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akamweleza yote: soli ya kandambili, tishu, keki ya Sultana, kigoda cha besmenti.

"Kwa hiyo sina mkono, Baba Suhaila," akamaliza. "Nina boila."

Mansoor akakaa upande wa pili, bakuli katikati yao. Midomo ikaanza kumcheza, na Kanizfatema akajua anapiga hesabu. Alikaa tayari kusikia habari ya bili za gesi.

"Na mimi nasema joto linapotea," Mansoor akasema. "Kumbe nilikuwa nalila."

Akanyanyuka, akaichukua simu. "Tuchukue la kawaida. Namwambia Dilawar sasa hivi."

Kanizfatema akamtazama. Huyu ni mtu anayepita nyuma yake akizima taa, na sasa amesimama hapo na koti lake, anataka kununua upotevu kwa hiari yake ili mkewe asitiwe aibu na mkate. Alimpenda wakati ule kuliko siku aliyoolewa, na siku aliyoolewa alimpenda sana.

"Ngoja," akasema. "Muulize kwanza. Hilo la kisasa, haliwezi kuwekewa rejeta besmenti?"

Dilawar alisema linaweza, tena vizuri sana. Alieleza kwamba boila lile linafurahi maji yakirudi yamepoa, kwa hiyo rejeta ikiongezwa, maji yanaacha joto lao mle yanarudi baridi, na boila linakamua moshi wake vizuri zaidi. Mansoor alimrudishia mkewe maneno hayo na uso umemchanua. Joto litakuwepo chini, ila sasa litakuwa la kusudi, na litafunguliwa siku ya kazi tu. Kanizfatema akasema ndiyo, Mansoor akasema ndiyo, na kwa upande wa boila mambo yakaisha.

Kwa upande wa mdomo yakaanza. Dilawar alikuwa ameuliza swali moja la mwisho kabla ya kukata simu: rejeta besmenti, kwani nani anakaa kule? Mansoor hajui kusema uongo, hata ule mdogo wa kumwokoa mtu. Akamwambia. Dilawar akamwambia mkewe, mkewe akamwambia mama yake, na kabla boila jipya halijawashwa, Bathurst nzima ilikuwa inazo habari.

Sultana akapiga simu mwenyewe. "Kanizbai, nasikia mmenunua rejeta ya mkate."

"Tumenunua."

"Basi nije na bakuli langu? Na mimi miaka yote wangu unalala. Nilidhani ni mkono wangu mbaya."

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake, na hapo ndipo palipouma. Kanizfatema angeweza kusema nafasi haipo. Badala yake akafa na tai shingoni. "Karibu," akasema. "Kigoda ni kipana."

Sultana akaja siku ya futari. Boila jipya lilikuwa limetundikwa ukutani, dogo, jeupe, linanguruma kwa adabu, na kweli ukiligusa halikuambii kitu. Chini ya dirisha ilikuwepo rejeta mpya, imefunguliwa mpaka mwisho, na kigoda mbele yake. Wakaweka mabakuli mawili bega kwa bega, wakapanda juu kuzungumza. Waliposhuka, vitambaa vyote viwili vilikuwa vimesukumwa juu sawasawa. Kanizfatema akavifunua. Matundu yaleyale, kimo kilekile, huwezi kujua rojo hili la nani na hili la nani.

"Kumbe ni hivi tu," Sultana akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

"Ni hivi tu," akasema Kanizfatema.

Wakachoma mkate mmoja baada ya mwingine katika oveni ileile, ikatoka na rangi moja. Njiani kupanda Vaughan, Kanizfatema alikaa kiti cha mbele na masinia yote mawili mapajani, akiyapoza. Mansoor alimtupia jicho mara mbili. Kanizfatema alikuwa na huzuni, tusifichane. Mtu akikaa na jina miaka mingi, kisha akaliona linagawanywa nusu kwa nusu, haondoki hivihivi. Lakini pembeni ya huzuni ile kulikuwa na wepesi fulani pia, kwa sababu hakuna tena wa kumficha.

Kituoni adhana ikatoka, watu wakafungua kwa tende, wakasali. Upande wa wanawake, jikoni, mikate ikakatwa vipande, ikachanganywa kwenye sahani, mingine ikapitishwa kwa wanaume kwenye kile kidirisha cha chakula. Wanawake wakaonja. "Wa Sultanabai huu? Mashallah." "Na huu wa Kanizbai? Mashallah." Yote mizuri. Sultana alikuwa anapokea pongezi huku machozi yakimlengalenga, na hakuna aliyetaja keki. Kanizfatema akajiwekea kipande kimoja kwenye tishu, akakifunika kwa desturi tu, akasimama na chai yake karibu na sinki.

Kidirisha kikagongwa. Alikuwa mzee Ramzanali, aliyekuwa akigawa vyakula upande wa wanaume, ameshika sahani ya mkate iliyoliwa nusu.

"Mabibi, mmeleta mkate wa aina mbili. Wazee wanauliza kama ule mwingine bado upo."

"Upi mwingine?" Sultana akauliza. "Yote ni ya kumimina."

"Ule unaokwama kwenye meno."

Ramzanali akaona hajaeleweka, akaeleza. "Ule wenye maganda. Ule wa kila mwaka. Huu hapa ni mzuri, hatukatai, lakini mtu akishamaliza hauachi kitu kinywani. Ule mwingine tunakwenda nao mpaka nyumbani."

Sultana akachukua kipande kutoka sahani ya Ramzanali, akakivunja, akatazama. Cheupe kitupu. Akachukua kingine kutoka sahani yake mwenyewe, akakivunja: vijiganda vya kijani, vidogovidogo, kila mahali.

"Mimi hiliki nanunua ya unga," akasema polepole. "Kanizbai, wewe unatwanga na maganda?"

"Mama alikuwa akitwanga hivyo."

"Na hukusema."

"Hukuniuliza hiliki. Mliniuliza mkate unaumukaje." Kanizfatema akaweka kikombe chini. Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu boila lilipopata ufa kilikuwa kinatoka, akakiachia kitoke. "Ukija tena, njoo na hiliki nzima. Kinu kipo, nitakuonyesha."

Sultana akacheka, akamshika bega palepale alipomshika miaka ile, ila safari hii hakuwa anamfariji.

Ramzanali bado alikuwa anangoja kidirishani, na nyuma ya bega lake kikatokeza kichwa cha Mansoor, kijiti cha meno kinywani, sahani tupu mkononi.

"Mama Suhaila, kimebaki?"

Kanizfatema akafungua tishu yake. "Kipo kimoja."

"Na maganda yake?"

"Na maganda yake," akasema, akamsogezea.